"Had" moja ilipokosekana

MUHULA uliopita nilifika kwa dada yangu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, nikamkuta mpwa wangu yuko nyumbani siku ya shule. Kijana yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Alikuwa amesimamishwa masomo kwa wiki mbili. Stoo ya chakula ilikuwa imevunjwa usiku, sukari ikaibwa, na kila mvulana aliyeonekana karibu na jikoni jioni ile akaamriwa kuandika taarifa yake kwa Kiingereza.

Dada alinionyesha nakala. Sentensi iliyomponza kijana ilikuwa hii: "When they broke into the store, I left."

"Mjomba, mimi sikuwapo," aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Walipovunja stoo nilikuwa nimeondoka zamani. Nilikuwa nimelala."

Hebu tazama, msomaji. Kwa Kiswahili anasema alikuwa ameondoka. Kwa Kiingereza ameandika kwamba walipovunja, naye akaondoka. Yaani alikuwapo, akaona, ndipo akatoka. Kwa mwalimu anayetafuta mwizi, huyo ni mshirika, au angalau ni shahidi anayeficha jambo. Kilichokosekana ni neno moja tu: "When they broke into the store, I had left."

Cha kusikitisha ni kwamba kijana anaujua wakati huo wa kitenzi vizuri sana, tena tangu utotoni. Aliutumia mbele yangu bila kufikiri. "Nilikuwa nimeondoka": ile -li- inatupeleka nyuma, na ile -me- inatuambia kwamba kufikia hapo jambo lilikuwa limekwisha. Walimu wa Kiswahili huuita wakati uliopita hali timilifu. Mwingereza hupata maana hiyo hiyo kwa kuweka "had" mbele ya umbo la tatu la kitenzi, lile la mwisho watoto wanapokariri "go, went, gone". Kwa hiyo ni "had gone", wala si "had went", hata kama umelisikia kwa mtu mwenye digrii. Na hapa Kiingereza ni chepesi kuliko chetu: sisi husema nilikuwa, ulikuwa, walikuwa, lakini "had" ni ile ile kwa kila mtu.

Mbona basi watoto hukosea? Nadhani sehemu ya tatizo ni jinsi wanavyoelezwa kwamba "had" ni ya mambo ya zamani sana. Mtoto wa Kakamega huamini haraka, kwa sababu katika Kiluhya kitenzi chenyewe hubadilika kutegemea kama jambo lilitokea leo au zamani. Lakini "had" haipimi umbali. Dakika tano zatosha. Inachotaka kujua ni kipi kilitangulia kati ya mambo mawili yaliyopita. Ndiyo sababu mtoto akiandika "Kenya had got independence in 1963" na kuishia hapo, mwalimu hutia mkwaju mwekundu. Jambo ni moja, limetangulia lipi?

Tulipokuwa tukibishana hayo, baba mkwe wa dada, ambaye alikuwa kimya kitini pake, alikohoa akasema, "Kama dhahabu." Tukamgeukia. Mzee alikuwa na maana yake. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuweka ardhi ya hifadhi kwa ajili ya wenyeji milele, na kuahidi kwamba kipande kikichukuliwa kwa shughuli ya umma, kingine kitatolewa badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega, wachimbaji wakamiminika. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ya machimbo itengwe bila wenyeji kupewa nyingine.

Nikamwandikia kijana sentensi mbili. "When gold was found, the Government promised us the land." Hapa serikali ni mwema anayekuja kutufariji baada ya wachimbaji kuingia. "When gold was found, the Government had promised us the land." Hapa ahadi ilikuwapo kwanza, na kila msomaji ataanza kuuliza iliendaje. Kijana alizisoma mara mbili, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ila usimwache mtoto aimwage "had" kama chumvi. Akisimulia mambo kwa mpangilio wake, aliamka, akanawa, akaenda shule, haihitajiki hata kidogo: "I woke up, washed and went to school." Hata penye "before" au "after", mara nyingi waweza kuiacha, kwa kuwa neno hilo limekwisha kusema kipi kilitangulia. Pa kuishikilia ni pale "when" inapoweza kusomwa kwa njia mbili, kama ilivyomtokea huyu wetu.

Usiku ule aliandika taarifa upya, nusu ukurasa, "had" tatu. Asubuhi mama yake alimpeleka shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akamwita mlinzi wa bweni na kumuuliza huyu alikuwa ameingia saa ngapi kulala. Mlinzi akasema saa tatu. Stoo ilivunjwa baada ya saa sita.

Dada alirudi nyumbani peke yake.