Biharusi Unayekwenda Uholanzi, Usiende na Ulimi wa Kuazima



Mwezi uliopita nilikuja nyumbani Unguja kwa harusi ya mtoto wa dada yangu. Kaolewa na kijana wetu aliyekulia Rotterdam, na wiki nzima nyumba ilikuwa haina pa kukanyaga. Masanduku yamefunguliwa, doti za kanga zinahesabiwa, singo inatwangwa, udi unachaguliwa. Somo wake alikuwa naye ndani, mlango umefungwa, anamfunda yale ya kufundwa. Kila aliyeingia aliuliza lake: hina atapaka nani, dhahabu imefika, mwari kalala vizuri?

Mimi nikauliza langu: "Kiholanzi anasoma wapi?"

Wakanitazama kama niliyeuliza bei ya samaki msibani. Kisha shangazi mmoja akanijibu kwa upole: "Mwanangu, si mumewe yupo? Atamsemea."

Neno hilo, "atamsemea", ndilo lililonikalisha chini kuandika leo. Mimi pia nilisemewa, na nataka niwaeleze kilichonipata.

Nilipokuwa nasemewa

Nilikwenda Uholanzi mwenyewe kama biharusi, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mtihani wa lugha wa kabla ya viza niliufaulu kwa kukariri kama kasuku. Nilipofika nikauweka kando. Mume wangu alikuwa mwema, na Kiholanzi kwake ni kama maji. Benki alikwenda yeye, barua alisoma yeye, kwa daktari aliingia na mimi na kuzungumza yeye. Nilijiona nimestareheshwa.

Nikajifungua mtoto wa kwanza. Kule mwanamke akijifungua, huja mtu nyumbani kumhudumia yeye na mtoto kwa siku kama nane. Huduma hiyo wanaiita kraamzorg, na ni jambo jema kweli. Lakini si mama yako. Hakuna arobaini ya kukandwa, hakuna uji wa pilipili manga, hakuna nyumba iliyojaa mashangazi. Baada ya siku hizo nane mlango ulifungwa, nikabaki mimi, mtoto, na mvua dirishani.

Nikaanza kulia. Sikujua nalilia nini. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto machozi yanamdondokea. Usingizi ukanikimbia hata mtoto akilala. Swala nilikuwa naswali, lakini nikisimama moyo mtupu.

Nilipokwenda kliniki ya watoto, muuguzi aliniangalia usoni, akauliza: "Hoe gaat het met u?" Yaani, u hali gani? Mume wangu akajibu haraka: "Goed. Alleen moe." Mzima, kachoka tu. Muuguzi akaandika. Tukarudi nyumbani.

Simlaumu mume wangu. Aliona haya kusema mbele ya mgeni kuwa mkewe analia, na labda alikhofu pia. Lakini mwenye maumivu nilikuwa mimi, na maneno hayakuwa yangu. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri. Na ulimi wa kuazima ni vivyo hivyo: unakufunika pale mwenyewe anapotaka, na unakuacha wazi pale unapohitaji sitara.

Wakati huo nilikuwa nimeanza darasa la lugha mara mbili kwa wiki, kwa kulazimishwa na sheria. Mwalimu alikuwa ametufundisha sentensi moja ya kijinga kabisa: "Ik drink elke dag thee." Mimi nakunywa chai kila siku. Tuliirudia mpaka tukachoka. Siku moja nilikwenda kwa daktari wa mtaa kwa ajili ya kikohozi cha mtoto. Mume wangu alikuwa kazini. Daktari akaniuliza lile swali lao la kila siku. Nikaichukua ile sentensi ya chai, nikatoa chai, nikaweka langu: "Ik huil elke dag." Nalia kila siku.

Maneno manne. Daktari aliweka kalamu chini. Alimaliza habari ya kikohozi, kisha akanigeukia mimi, akaongea polepole, akanipangia miadi, nikapata matibabu na mtu wa kuzungumza naye. Alhamdulillah, leo naandika haya nikiwa mzima. Lakini najiuliza mpaka leo: kama nisingelijua "elke dag", ningelisemewa mpaka lini?

Sheria inasema nini

Mabinti wengi wanadhani mtihani wa Kiholanzi ni fomu tu ya viza. Basi tuelewane vizuri.

Tangu Machi 2006, mtu anayetoka nchi kama yetu kwenda kuishi na mwenzi wake Uholanzi hutakiwa afaulu mtihani wa msingi kabla hajasafiri. Hufanywa kwa kompyuta katika ubalozi wa Uholanzi, na kwetu visiwani maana yake ni kuvuka maji. Una sehemu tatu: kuzungumza, kusoma, na maarifa ya jamii ya Kiholanzi. Ada yake yote ni euro 150, na kiwango kinachotakiwa ni A1, yaani mwanzo kabisa wa lugha. Tena mke na mume wote wawe wametimiza miaka 21.

Ukifika, safari ndiyo inaanza. Kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2022, mgeni hupewa miaka 3 kutimiza masharti ya kujifunza lugha na maisha ya nchi. Halmashauri ya mji hukuita, hukupima, na kukuandikia mpango wako. Lengo la kawaida ni kiwango cha B1, yaani uweze kueleza mambo yako, kazi yako na maoni yako bila kushikwa mkono. Usiyesoma sana usikhofu. Ipo pia njia ya wanaokwenda polepole. Ila jua hili mapema: aliyekuja kwa ndoa kwa kawaida hujilipia masomo mwenyewe, au hukopa serikalini akikidhi masharti. Si bure, na si rahisi.

Mimi siupendi mtihani ule wa kabla ya safari. Kumwambia mke athibitishe lugha kabla hajaruhusiwa kuishi na mumewe, naona ni kuweka kufuli juu ya jambo la halali. Nasema hivyo bila kificho. Lakini hata wakiufuta kesho asubuhi, ushauri wangu kwako hautabadilika. Kiholanzi usikisome kwa ajili ya ubalozi. Kisome kwa ajili ya siku ile utakapokaa mbele ya daktari.

Na si daktari peke yake. Mtoto akifika miaka 4 anaanza skuli, na mwalimu atakuita mzungumze juu yake kwa dakika kumi. Dakika kumi hizo utakaa kimya? Bahasha ya rangi ya buluu ya kodi itadondoka mlangoni. Na usipojifunza wewe, mtoto atajifunza, kisha yeye ndiye atakuwa mkalimani wako. Nimewaona watoto wa miaka tisa wakimtafsiria mama yao maneno ya hospitali. Mzigo ule si wa mtoto.

"Akijua lugha atafunguka macho"

Najua wako wanaosema hivyo, wakiwemo waume na mama wakwe. Wanakhofu kuwa mke akijua lugha atajua na njia, na akijua njia atakuwa hasikii.

Nawajibu kwa heshima. Kila mmoja wetu chuoni alisomeshwa Sura ya Al-Mujadila. Sura ile ilishuka kwa sababu ya mwanamke, Bi Khawla bint Thaalaba, aliyekwenda mwenyewe kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kueleza aliyotendewa na mumewe. Hakutuma mtu wa kumsemea. Alieleza, akarudia, akajadiliana. Na Mwenyezi Mungu akasikia kutoka juu ya mbingu saba. Tunaisoma mpaka leo. Basi mwanamke kusema shida yake kwa kinywa chake si uasi.

Na wanaokhofu dini, nawakumbusha kuwa Mtume alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya watu wengine, naye akajifunza kwa muda mfupi. Katika Sura ya Ar-Rum Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa ndimi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Lugha haikuvui mtandio. Mimi nimejifunza Kiholanzi na buibui langu liko vilevile, na kwa lugha hiyo hiyo nimewaeleza majirani zangu kwa nini nafunga Ramadhani.

Mume mwema hapotezi kitu mkewe akijua kusema. Wangu sasa hupumzika. Barua nasoma mimi.

Na kama mume si mwema, Mungu apishe mbali, hapo ndipo lugha inakuwa kamba ya kushika. Miaka ya mwanzo kibali chako cha kukaa kinafungamana na chake, na wako wanaume wanaolitumia hilo kumtisha mke: "Ukisema, utarudishwa." Jua kuwa sheria ya kule imeweka mlango kwa mwanamke anayedhuriwa nyumbani kuomba kibali chake mwenyewe. Ipo namba ya bure, usiku na mchana, 0800-2000, ya shirika linaloitwa Veilig Thuis, yaani nyumba salama. Iandike pembeni. Naomba usiihitaji kamwe.

Nasaha zangu kwa biharusi na wazazi wake

Kwanza, lisemeni jambo hili wakati wa posa. Kwetu binti huulizwa: "Mahari yako nini?" Basi taja na ada ya masomo ya lugha. Katika zama za Mtume alikuwepo sahaba aliyeozeshwa kwa Qur'ani aliyokuwa nayo kifuani, kwa kuwa hakuwa na mali. Kumbe elimu ina nafasi yake kwenye mahari, na sheikh wako atakueleza namna ya kuliandika. Seti ya dhahabu moja ikipungua kidogo, harusi haitavunjika. Mume anayekwambia "huko hutahitaji kusoma", muulize kwa nini, na jibu lake lisikilize vizuri.

Pili, anza sasa, ukiwa bado nyumbani. Dakika 20 baada ya Alfajiri, kila siku, zinashinda saa tano za Jumapili moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, usidanganywe kuwa ni lugha isiyoshikika. Wageni wengi hushindwa na ile "g" ya Kiholanzi inayotoka kooni. Wewe uliyepita chuoni umeshafundishwa kuitoa "kha" tangu ukiwa na miaka mitano, na "goed" na "acht" zinatoka hapo hapo. Watu hulalamika kuwa nomino zao zina makundi mawili, "de" na "het". Sisi tunasema mti na miti, kiti na viti, jino na meno, bila kuhesabu vidole. Makundi mawili yatatushinda sisi?

Nne, jihadhari na Kiingereza. Waholanzi wengi wanakijua, na wakikuona unasitasita watakigeukia kwa kukuhurumia. Ukikubali kila mara, miaka kumi itapita hujui kitu. Waambie kwa adabu: "Nederlands, alstublieft." Kiholanzi, tafadhali. Watacheka, watafurahi, watakusubiri. Na maktaba nyingi za miji zina meza za mazungumzo ambako watu wa kujitolea hukaa na wageni. Nenda na mtandio wako, kaa, kosea. Kukosea ndiko kujifunza.

Tano, Kiswahili usikiache. Mtoto wako azungumze nawe kwa lugha ya bibi yake, Kiholanzi atakipata skuli. Lugha mbili hazigombani kichwani mwa mtoto.

Mtoto wa dada yangu nilimuaga uani, hina bado mbichi mikononi. Sikumpa bahasha ya pesa. Nilimpa daftari, na ukurasa wa kwanza nimemwandikia sentensi moja aikariri kabla ya zote: "Ik wil het zelf vertellen." Nataka kueleza mwenyewe.

Aliisoma mara tatu. Ile "r" ya mwisho wa neno la kwanza haikuwepo, aliiongeza yeye kwa woga. Nikamwambia si neno, atazoea. Somo wake akanikonyeza, akasema: "Na mimi nifundishe, nisije nikaulizwa."

Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu waume wa kheri, afya, subira ya ugenini, na ndimi zao wenyewe. Amin.