Kobalti ya Lualaba yaendesha baiskeli janja, Sandoa yasubiri barabara

Katika eneo la Sandoa, kaskazini-magharibi mwa Kolwezi, baiskeli ndiyo lori la maskini. Hubeba mihogo, makaa na mara nyingine mgonjwa. Kinga, kama wengi wanavyoiita Katanga, haina mota. Penye mlima husukumwa kwa mikono.

Kwingineko baiskeli imebadilika. Mota ya umeme humsaidia mwendeshaji kupanda mlima, kufuli hufunguliwa kwa simu, na setilaiti humwonyesha mwenyewe ilipo ikiibiwa. Mfano wa karibu ni Kigali, ambako kampuni ya GuraRide ilianza mwaka 2021 kuazimisha baiskeli kwa programu ya simu: mtu huichukua kituo kimoja na kuirudisha kingine.

Betri nyingi za baiskeli za umeme zina kobalti, na Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Kwa nini basi teknolojia hiyo iko mbali na Sandoa?

Kikwazo si programu. Programu inataka mtandao, betri inataka umeme, na gurudumu linataka njia. Kongo, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako Lualaba kwenyewe, lakini migodi ndiyo mteja mkubwa. Huko Kigali, simu ilikuta lami tayari.

Fedha zina njia yake kisheria. Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 kwa serikali za mitaa penye migodi. Sandoa iko nje ya ukanda wa migodi mikubwa, hivyo tegemeo lake ni fungu la jimbo.

Muda nao hausubiri. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei iliyoporomoka, kisha Oktoba ikaweka ukomo wa kiasi cha kuuzwa. Bei ikipanda, watengenezaji wanapata sababu zaidi ya kuhamia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa.

Kwa Sandoa, baiskeli janja itaanzia chini: barabara inayopitika masika, na umeme wa jua sokoni wa kuchajia betri. Bila hayo, kobalti inaweza kupoteza soko kabla haijamsaidia msukuma kinga.