Tamthilia za Waingereza na kidole cha nabii Natani



Mfalme Daudi alipokuwa ametenda dhambi yake kubwa, nabii Natani hakumwendea na hotuba. Alimwendea na hadithi: tajiri mwenye makundi ya kondoo, maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, na mgeni aliyefika akihitaji kulishwa. Daudi alisikiliza, akakasirika, akatoa hukumu. Ndipo nabii alipomjulisha kwamba mtu aliyemhukumu ni yeye mwenyewe. Hadithi ya watu wengine ilimfikisha mfalme mahali ambapo maonyo ya moja kwa moja yasingemfikisha.

Ninaanza na Natani kwa sababu mara nyingi, tunapozungumza juu ya televisheni katika familia zetu, tunagawanyika pande mbili. Wako wazazi wanaosema kwamba tamthilia za nchi za nje zinaharibu vijana, na kwamba dawa yake ni kuzima. Wako vijana wanaojibu kwamba wao hutazama kwa kupumzika tu, na kwamba hakuna ubaya. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakosea kwa namna moja: zote mbili zinamhesabu mtazamaji kuwa chombo kitupu, ambacho hupokea chochote kinachomiminwa ndani yake. Lakini Daudi hakuwa chombo kitupu. Alisikiliza, akapima, akahukumu. Swali linalotupasa kuuliza ni hili: je, tamthilia hii inaweza kutufanyia kazi ya Natani? Na sisi, je, tuko tayari kusikiliza kama Daudi?

Nitachukua mfano wa Uingereza, kwa kuwa nchi hiyo ina desturi ya muda mrefu ya kuchukua vitabu vyake vikubwa na kuvigeuza kuwa tamthilia za mfululizo, zinazotazamwa nyumbani na familia nzima. Baadhi yake hutufikia kwa sauti au maandishi ya Kifaransa. Tena ni mfano mzuri kwa sababu unatuonyesha kwanza jinsi tunavyoweza kudanganyika.

Kinachotuvuta katika tamthilia hizo, tusijifiche, ni uzuri wa nje: majumba ya mawe, magari ya farasi, nguo ndefu, bustani zisizo na jani lililoanguka. Mwaka 1995 televisheni ya BBC ilionyesha *Pride and Prejudice*, kutoka kitabu cha Jane Austen cha mwaka 1813, katika sehemu sita. Ni kazi njema, na kijana anaweza kujifunza mengi ndani yake kuhusu kiburi, kuhusu haraka ya kuwahukumu wengine, na kuhusu uchumba unaoheshimu utu. Lakini mtu anaweza pia kuitazama yote na kutoka na wazo moja tu: kwamba Ulaya ni mahali ambapo watu hunywa chai na kucheza dansi. Huyo amesikia habari za mwanakondoo, hakusikia habari za tajiri. Mwandishi huyohuyo, katika kitabu chake *Mansfield Park* cha mwaka 1814, anaonyesha bwana mwenye nyumba nzuri anayesafiri kwenda Antigua, kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Kila tunapoona meza iliyopambwa, na tuulize ni nani aliyelipa gharama yake. Swali hilo moja lingetosha kugeuza jioni ya starehe kuwa jioni ya kutafakari.

Tamthilia ninayotaka kuwashauri hasa ni *Little Dorrit*, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2008 katika sehemu 14. Kitabu chake kiliandikwa na Charles Dickens, nacho kilitoka kidogokidogo, mwezi kwa mwezi, tangu Desemba 1855 hadi Juni 1857. Dickens alijua alichokuwa anasimulia. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12 tu, baba yake alifungwa London katika gereza la Marshalsea kwa sababu ya deni. Mtoto akatolewa shuleni, akapelekwa kwenye karakana kubandika karatasi za majina juu ya vyombo vya dawa ya viatu. Aibu hiyo aliibeba maisha yake yote.

Sheria ya wakati ule ilikuwa ya ajabu. Mwenye deni alifungwa hadi alipe. Lakini aliyefungwa hawezi kufanya kazi, na asiyefanya kazi atapata wapi cha kulipa? Basi watu walikaa gerezani miaka, na familia zao zikihamia humo pamoja nao. Katika tamthilia hii, Amy Dorrit amezaliwa ndani ya Marshalsea. Mchana hutoka kwenda kushona nguo kwa mshahara mdogo, na jioni hurudi kabla lango halijafungwa, akimletea baba yake chakula alichojinyima. Baba yake, ambaye amekaa humo zaidi ya miaka 20, anajiita mkubwa wa gereza na hupokea sadaka za wageni kana kwamba ni kodi anayostahili. Siku moja urithi mkubwa unamtoa kifungoni. Tazameni basi anavyofanya: anaamuru kwamba jina la gereza lisitajwe tena nyumbani mwake, na anamwonea haya binti yule aliyemlisha, kwa sababu uso wake unamkumbusha alikotoka. Mwili umetoka kifungoni, moyo umebaki ndani.

Humo mtaona pia ofisi moja ya serikali ambayo kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba hakuna jambo linalotendeka: karatasi hii haitoshi, nenda dirisha lile, rudi kesho. Nadhani hakuna Mkongo atakayehitaji mfasiri katika sehemu hiyo. Mtaona tajiri wa benki, Merdle, ambaye kila mtu anamkabidhi akiba yake bila kuuliza faida inatoka wapi, hadi siku yote yanapoanguka na wadogo wanaachwa mikono mitupu. Waulizeni wazazi wenu habari za mwanzo wa miaka ya 1990, wakati familia nyingi za nchi yetu zilipopeleka fedha kwa watu walioahidi kuzizidisha kwa muda mfupi. Watawasimulia bila kutazama televisheni.

Hapo mtu ataniambia kwamba hayo ni mambo ya kale na ya mbali. Na tuone basi ya juzi. Mwanzoni mwa Januari 2024 televisheni ya ITV ilionyesha kwa sehemu nne *Mr Bates vs The Post Office*, habari ya kweli ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta. Kwa miaka mingi watu hawa walishitakiwa kwamba wameiba, kwa kuwa kompyuta ilionyesha upungufu wa fedha. Kumbe kasoro ilikuwa katika programu yenyewe, iitwayo Horizon. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Baadhi walifungwa, wengine walipoteza nyumba na jina jema, wengine walikufa kabla ya kusafishwa. Mwaka 2019 mahakama ilikuwa imekwisha kusema wazi kwamba programu ile haikuaminika, na waandishi wa habari walikuwa wameandika sana. Hata hivyo wananchi walio wengi hawakushtuka hadi walipoiona habari ile sebuleni mwao, ikiwa na nyuso na machozi. Mwezi Mei mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu hao. Natani alikuwa amefika.

Angalieni jambo hili kwa makini, kwa maana ndilo kiini cha maoni yangu. Tamthilia bora za Waingereza si matangazo ya uzuri wa Uingereza. Ni taifa linalofanya uchunguzi wa dhamiri mbele ya watoto wake. Linasema: tuliwafunga maskini kwa umaskini wao, tuliamini mashine kuliko shahidi mwaminifu. Sisi vijana Wakristo tunaopenda nchi yetu tunaweza kujifunza hapo kwamba kuipenda nchi si kuficha vidonda vyake. Anayeficha kidonda hampendi mgonjwa.

Lakini Natani hakumaliza kazi yake Daudi alipokasirikia tajiri wa hadithi. Alimaliza alipomgeuzia kidole. Na sisi tukikasirikia gereza la Marshalsea, kisha tukazima televisheni na kwenda kulala, tumebaki nusu ya njia.

Gereza lile lilifungwa mwaka 1842. Lakini hata siku hizi, katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, mama aliyejifungua salama anaweza kuzuiliwa hospitalini, yeye na mtoto wake mchanga, kwa sababu gharama ya uzazi haijalipwa. Ameshapona, ameruhusiwa na daktari, lakini haruhusiwi kutoka. Siku zinaongezeka, na wakati mwingine deni nalo linaongezeka. Mume anazunguka kwa ndugu akitafuta faranga. Watoto wengine wako nyumbani peke yao. Mtoto amezaliwa akiwa tayari mdaiwa, kama Amy. Tusikimbilie kuwalaumu wauguzi, ambao wengi wao hulipwa kidogo au hawalipwi kabisa, na hospitali isiyopata fedha haiwezi kununua dawa. Lakini pia tusiseme kwamba jambo hilo halituhusu. Tunapita mbele ya madirisha yale tukienda Misa. Je, sisi si tajiri yule mwenye makundi ya kondoo?

Kwa sababu hiyo nawashauri pia *Call the Midwife*, ambayo BBC ilianza kuionyesha mwaka 2012, kutokana na kumbukumbu za mkunga Jennifer Worth. Inaonyesha masista wa Kianglikana pamoja na wakunga vijana katika mtaa wa Poplar, mashariki ya London, kuanzia mwaka 1957, wakiingia kwa baiskeli katika nyumba za maskini. Wakati huo huduma ya afya ya taifa, iliyoanza mwaka 1948, ilikuwa imeondoa hofu ya gharama: mama hakuulizwa fedha kabla ya kusaidiwa. Tamthilia hiyo si ya watoto wadogo. Inagusa utoaji mimba na mambo mengine mazito, na si kila mara inayatazama kama Kanisa linavyofundisha. Itazameni pamoja na mtu mzima mwenye busara, na msiogope kutokubaliana nayo kwa sauti.

Nakuja kwenye namna ya kutazama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake *Inter Mirifica* ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka vijana wajizoeze kiasi katika mambo haya, wazungumze na walezi wao kuhusu wanayoyaona, na wajifunze kuyapima kwa haki. Nao wazazi ulikumbusha wajibu wao wa kulinda nyumba. Hati hiyo ni ya zamani kuliko simu zetu, lakini imeona ugonjwa wetu. Leo katika nyumba moja kila mtu ana filamu yake, masikioni mwake, pembeni mwake, na akimaliza sehemu moja nyingine inajifungua yenyewe kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Dickens aliwafanya wasomaji wake wangoje mwezi mzima, na katika mwezi huo watu walizungumza. Nasi tufanye hivyo. Kikundi kichague tamthilia moja, na kitazame sehemu moja tu kila Dominika jioni, mahali ambapo umeme au betri inaruhusu. Wazee waalikwe. Anayefahamu Kifaransa amfasirie bibi kwa Kiswahili. Mtashangaa jinsi bibi anavyotambua upesi mnafiki ni nani. Kisha televisheni izimwe, na maswali matatu yaulizwe: Katika habari hii ni nani aliyelipa gharama ya raha ya mwingine? Ni nani aliyemwona na kumsaidia? Na kwetu, mtu huyo anakaa wapi?

Swali la tatu ndilo kidole cha Natani. Kikundi kikilijibu kwa ukweli, Dominika ya mwisho hakitatawanyika hivihivi. Kitakwenda na viongozi wa shirika kwenye nyumba ya uzazi iliyo karibu, kitauliza kwa heshima kama yuko mama anayezuiliwa kwa deni, na kitaona pamoja na Wakristo wengine kinachoweza kufanyika kwa mmoja tu, kwa kuanzia. Mchango hautakuwa mkubwa. Lakini lango la Marshalsea lilifungwa kwa deni dogo, na kwa deni dogo lililolipwa lingeweza kufunguka.

Daudi aliposikia maneno ya nabii hakujitetea. Alikiri, akaanza upya. Mungu atujalie masikio kama yake, hata tunapoketi mbele ya televisheni.