Tuwekeeni swichi kabla ya meni swichi

Wenye nyumba wengi hapa Tanga hawajui kwamba ukizima meni swichi, umeme haujatoka kwenye boksi. Umetoka kwenye taa, feni na friji tu. Zile waya mbili nene zinazotoka kwenye mita na kuingia juu ya meni swichi ziko vilevile: waya wa moto umebeba volti 230, na ndani ya nyumba hakuna pa kuuzima. Kwa kazi ya kubadilisha soketi au kuongeza taa, hilo halitusumbui. Taabu huanza siku boksi lenyewe linapotakiwa kung'olewa, na sisi mafundi wa pwani hulikuta limeliwa na upepo wa chumvi, skrubu zimeota kutu na shaba imegeuka unga wa kijani.

Fundi akatie wapi umeme ili afanye kazi hiyo? Mita si yake, wala si ya mwenye nyumba. Ni mali ya TANESCO, pamoja na waya wa sevisi unaotoka nguzoni, na sili yake hukatwa na mtu wa shirika peke yake. Leseni ya EWURA niliyonayo inanipa ruhusa ya kazi za upande wa mteja. Kuchezea mita ni kosa la kisheria.

Nalikubali katazo hilo kwa moyo wote. Watu hudhani limewekwa kwa ajili ya wezi wa umeme tu, lakini waulize mafundi waliowahi kuona nyutro ya nguzoni ikilegezwa na mtu asiyejua anachofanya. Nyutro ile inatumiwa na majirani wa fezi tatu tofauti. Ikiachia, nyumba ya huyu inapata umeme hafifu na ya yule inapata volti zinazokaribia 400. Televisheni na friji za watu wasiohusika zinaungua kwa dakika chache. Tena shoti ikitokea kabla ya mita, mara nyingi fyuzi ya kwanza ya kuikata iko kwenye transfoma, na imepimwa kubeba mtaa mzima. Kabla haijakatika, bisibisi imeshayeyuka na uso wa fundi umeungua. Ndiyo maana kishoka anayepanda ngazi usiku kwa malipo ya haraka ni hatari kwa mtaa wote.

Kuna njia ya mkato nyingine ambayo watu huiona salama. Mama mmoja wa Chumbageni aliniita nimbadilishie boksi. Akaniambia, "Fundi, yuniti zimeisha tangu asubuhi. Fungua tu, hakuna kitu humo." Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mama." Nikagusisha testa juu ya meni swichi, haikuwaka. Ni kweli, LUKU ikiishiwa hukata waya wa moto unaoelekea nyumbani. Mita ya nyumba ile iko nguzoni, na kibodi ya kuingizia namba iko sebuleni. Nikiwa bado nimeshika testa pale pale, taa yake ikawaka. Mwanawe alikuwa amenunua umeme kwa simu akiwa Dar es Salaam, akatuma tokeni nyumbani, na mjukuu, kwa utii wake, akaziingiza namba zote 20. Lau ningekuwa nimeamini yuniti kuisha, mikono yangu ingekuwa kwenye shaba tupu. Nilifungasha vifaa na kumshauri aombe umeme ukatwe na wenyewe.

Hapo ndipo sheria inapohitaji nusu yake ya pili. Mteja anayefuata utaratibu anahitaji mtu wa shirika mara mbili: aje kukata, kisha arudi kuunga. Kazi ya boksi huchukua saa chache, lakini bila saa iliyopangwa, mama ana samaki kwenye friji na fundi ana mteja mwingine anayemsubiri. Mwanya huo ndio kishoka anaoishi nao. Naomba TANESCO iwe na miadi ya kazi hii, kwa siku na saa inayojulikana, mteja aombe na fundi mwenye leseni aandike namba yake kwenye ombi hilo.

Lakini dawa ya kudumu ni swichi moja ya kukata waya zote mbili, wa moto na nyutro, iwekwe baada ya mita na kabla ya boksi. Iwe na tundu la kufuli, ili fundi akizima afunge na ufunguo ukae mfukoni mwake. Hapo tokeni ikiingizwa sebuleni, haimfikii. Uingereza nako fundi wa kawaida haruhusiwi kung'oa fyuzi iliyo kabla ya mita, maana ina sili na ni mali ya kampuni ya mtandao wa umeme. Nyumba yenye swichi kama hii huzimwa na fundi mwenyewe bila sili kuguswa.

Najua atakayesema tunafungua mlango wa wizi. Hapana. Swichi iko baada ya mita, kila yuniti inayopita hapo imekwisha kuhesabiwa, na mita inabaki na sili yake.

EWURA iweke sharti hili kwa kila nyumba inayoomba kuungiwa umeme. Bei ya swichi ni ndogo mno mbele ya gharama ya wayaringi ya nyumba nzima. Kwa nyumba za zamani, shirika likija kubadilisha mita, liiweke siku hiyohiyo, maana umeme umekwisha kukatwa na sili iko wazi. Na wewe unayejenga sasa usingoje sharti. Mwambie fundi wako aache nafasi ya boksi dogo kando ya meni swichi kabla ukuta haujapigwa plasta.