MCHUNGAJI, WATANIJUA?

 

Leo nina neno gumu. Lisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Juzi baada ya maombi, kijana wetu mmoja alinivuta kando. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mchungaji, kuna mahali huwa natoa nyimbo za injili bure kwa simu. Wenyewe wanaweza kunijua?"

Nilimjibu, na wewe pia nakujibu. Ndiyo, wanaweza.

Kila simu au kompyuta inapoingia kwenye intaneti hutumia anwani ya namba. Tovuti unayotembelea inaiona anwani hiyo, na mara nyingi huiweka kwenye kumbukumbu pamoja na saa. Ukitumia zile programu ambazo watu hugawiana mafaili wao kwa wao, mambo ni mepesi zaidi. Mwenye wimbo anaingia humo humo kama mtu wa kawaida na kusoma orodha ya anwani za wote wanaochukua. Tena humo, unapopokea wimbo, simu yako nayo inawagawia wengine vipande. Umejiona mteja, kumbe umekuwa msambazaji!

Anwani pekee haina jina lako. Jina liko kwa kampuni ya intaneti, na laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Kwenye simu, wateja wengi huweza kutumia anwani moja, kwa hiyo huhitajika saa kamili na kumbukumbu za kampuni. Na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo jina lako halitolewi kama njugu. Lakini sheria ikifuatwa, njia ya kufika kwako ipo. Hata ukijificha nyuma ya VPN, umeihamisha siri tu. Sasa mwenye VPN ndiye anayekuona.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humkazia zaidi anayenakili ili auze au asambaze. Marekebisho ya 2019 yakampa mwenye kazi njia ya kuidai kampuni ya intaneti ifunge mahali kazi yake imewekwa bila ruhusa. Kule Marekani, kuanzia 2003, kampuni za muziki ziliwashtaki maelfu ya watu wa kawaida majumbani mwao. Mama mmoja wa Minnesota, kwa nyimbo 24, aliishia kuamriwa alipe dola 222,000.

Je, wizi uliisha? Haukuisha. Kampuni zenyewe zikaacha kuwafungulia watu kesi mpya za namna hiyo. Hofu ya polisi inaweza kumfanya mtu awe mwangalifu. Haiwezi kumfanya awe mwaminifu.

Ndiyo maana nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, jibu nimekupa. Lakini umeuliza swali la mwizi." Mwizi huuliza kama ataonekana. Mtoto wa Mungu huuliza kama ni haki.

Soma 2 Wafalme 5. Gehazi alimkimbilia Naamani, akachukua fedha na mavazi, akaficha nyumbani, akarudi akasimama mbele ya Elisha na kusema hakwenda popote. Nani alimfuatilia? Hakukuwa na laini iliyosajiliwa. Lakini moyo wa mtumishi wa Mungu ulikuwa umekwenda naye njia nzima. Soma pia Yoshua 7, uone vile Akani alivyochimbia mali chini ya hema lake, na Israeli nzima ikapigwa kwa sababu ya shimo la mtu mmoja. Mpendwa, hiyo memori kadi yako ni hema la nani?

Sasa nikuambie kwa nini jambo hili limenichoma.

Kuna dada kwetu huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Aliweka akiba kwenye chama, akachukua na mkopo juu yake. Akalipa studio, akalipa mpiga kinanda, akalipa aliyempiga video. Siku ya uzinduzi tulicheza, tulilia, tulinena kwa lugha. Wiki haijaisha, nikaingia duka moja kutafuta chaja. Kijana wa duka alikuwa anamjazia mteja flashi kwa shilingi mia, na wimbo aliokuwa anajaribia spika ulikuwa wa dada yetu. Ulifikaje pale? Nakala zilikuwa mikononi mwetu tu, sisi tuliocheza na kulia.

Nilipomwambia, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baraka tumegawana wote, Mchungaji. Deni nimebaki nalo peke yangu."

Sikulala usiku ule. Asubuhi nikamuuliza fundi wetu wa mitambo ile flashi tunayopigia nyimbo kabla ya ibada ilijazwa wapi. Akainamisha kichwa. Ilijazwa duka kama lile lile, na pesa zilitoka kwenye sadaka. Madhabahuni kwangu! Nilitubu mbele ya wazee, tukaifuta yote. Kwa hiyo simnyoshei mtu kidole kikiwa kisafi. Nanyosha kidole kilichooshwa juzi.

Najua utasema, "Lakini Mchungaji, injili ni bure. Mathayo 10:8 inasema tumepata bure, tutoe bure." Amen! Neno hilo aliambiwa nani? Aliambiwa anayetoa. Hakuambiwa anayechukua bila kuomba. Na ukishuka mistari miwili tu, mstari wa 10, Yesu yule yule anasema mtenda kazi anastahili chakula chake. Usisome nane ukaruka kumi.

Utasema, "Waimbaji wenyewe wana magari." Wangapi? Unawajua watano wa kwenye televisheni. Humjui wa Mtongwe anayetembea kwa miguu kwenda mazoezi. Hata wa magari, amri ya nane haikuwaacha nje matajiri.

Utasema, "Hata nikinunua, hao wa kukusanya mirabaha hawawafikishii." Ni kweli wanamuziki wa nchi hii wamelia kilio hicho miaka mingi, na kinastahili kusikilizwa. Lakini jirani akiibiwa na mtu mwingine, wewe unapata ruhusa ya kumalizia kilichobaki?

Na wachungaji wenzangu, tusijifiche. Tunamwita mwimbaji avuke feri usiku, aimbe mkesha mzima, asubuhi tunampa soda na "Mungu akubariki." Hiyo nayo ni dhambi ya mshahara uliozuiliwa. Yakobo 5:4 inasema mshahara huo unapiga kelele, na kelele zake zimemfikia Bwana wa majeshi.

Ufanye nini basi? Kama huna pesa, hakuna aliyekukataza kumsikiliza mwimbaji kwenye chaneli yake mwenyewe. Ni bure kwako, na yeye ana nafasi ya kupata chake. Ukiweza, weka wimbo wake kwenye Skiza. Nunua kwake moja kwa moja, M-Pesa anayo. Usimtumie mtu wimbo mzima kwenye grupu, mtumie njia ya kumfikia mwenyewe. Na wewe mwenye duka unayesoma hapa, nakupenda, najua kodi ya duka inakukimbiza. Zakayo naye alikuwa na kazi ya aina hiyo. Siku Yesu alipoingia nyumbani kwake, aliahidi kurudisha mara nne.

Daudi alipopewa bure kiwanja na ng'ombe wa sadaka, 2 Samweli 24, alikataa. Hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Wewe unamwabudu Mungu kila asubuhi kwa kitu kilichomgharimu mwenzako, nawe hujamlipa. Unadhani harufu yake inapanda juu?

Leo usiku, kabla ya kulala, fungua simu yako. Pitia wimbo mmoja mmoja. Roho Mtakatifu atakuonyesha, na wewe mwenyewe unajua.

Omba nami: Baba, nisamehe kwa kula jasho la ndugu yangu huku nikikuimbia wewe. Nipe mikono safi gizani kama mchana. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba, andika AMEN. Kisha umtafute yule uliyemkosea.

Mchungaji wenu.