Faini Hainyonyi Majitaka

Makamanda, leo naomba tuongelee choo. Msicheke.

Nyumbani Mitundu tumejenga kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Baba alichimba karo na shimo la kunyonya maji, kama mafundi wanavyoelekeza siku zote. Kiangazi hakukuwa na shida. Januari mvua ilipokolea, udongo ukagoma kunywa, majitaka yakapanda juu mpaka njia ya kisimani. Akaja bwana afya na kitabu cha faini. Mzee akalipa. Shimo likabaki vilevile.

Sio kwamba dawa haipo. Karo linatuliza uchafu tu. Anayesafisha maji ni udongo. Sasa kama udongo wako hausharabu, unatengeneza mwingine: tuta la mchanga na kokoto juu ya ardhi, maji yapite humo taratibu. Au unaweka baada ya karo bwawa dogo la kokoto lililopandwa matete. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyatafiti mabwawa ya aina hiyo kwa miaka mingi. Asiye na maji ya bomba anaweza kuinua choo juu ya ardhi, mkojo uende kwake, kinyesi kikaushwe kwa majivu. Gharama ipo, kwa sababu mchanga na kokoto vinasombwa kwa gari. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kuwa wa mzee mmoja na jembe lake.

Turudi kwenye sheria. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hata kabla yake, mwaka 1991, Festo Balegele na mamia ya wenzake waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka Kunduchi Mtongani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, ikitazama haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba.

Lakini tarehe 28 Julai 2010, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kutambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu, nchi 122 zilisema ndiyo. Tanzania ilikuwa kati ya 41 zilizojizuia kupiga kura. Chama kilichokuwa madarakani siku ile ndicho kilichokuja kutuimbia "Nyumba ni Choo".

Mkutano mkuu wa kijiji ndio mamlaka ya juu ya kijiji kisheria. Tuhudhurie, na tuulize ili iandikwe kwenye muhtasari: ramani ya choo cha mbuga iko wapi? Fundi gani amefundishwa kukijenga? Bajeti ya halmashauri imetenga shilingi ngapi? Mpaka tujibiwe, hatuna sababu ya kukubali wazee wetu watozwe faini kwa kosa la udongo.