Kabla ya mahari, kapimeni damu

Wengi wetu tulikariri “mitosisi mbili, meiosisi nne”, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau palepale. Hasara ni yetu, maana somo hilo lingetuokolea ndoa nyingi.

Mitosisi ni kazi ya mwili ya kila siku. Ukijikata kisu jikoni, ngozi hupona kwa kuwa seli hunakili kromosomu zake zote 46, kisha hugawanyika mara moja. Unapata seli mbili, sawa kama shilingi kwa ya pili.

Meiosisi hufanyika kwenye korodani na ovari tu. Hapa seli hunakili mara moja lakini hugawanyika mara mbili, na kila mbegu au yai hubeba kromosomu 23, yaani nusu. Kabla ya kuachana, kromosomu za baba na za mama hubadilishana vipande. Ndiyo maana wewe na ndugu yako mmetoka tumbo moja na bado hamfanani.

Sasa sikiza, msee. Mtu anaweza kuwa na jeni moja nzima na nyingine ya selimundu, na akawa fiti kabisa. Meiosisi huzitenganisha, kwa hivyo nusu ya mbegu zake hubeba ile mbovu. Akioana na mwenzake wa hali hiyohiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Na ni kila mimba. Wa kwanza akiugua, haimaanishi watatu wanaofuata wako salama. Karata huchanganywa upya.

Nyanza, Magharibi na Pwani, kulikozoeleka malaria, jeni hii ni ya kawaida, kwa sababu ukiwa nayo moja hukukinga dhidi ya malaria kali. Lakini mtoto akianza kulia kwa maumivu ya mifupa, watu husema ni laana, na mama ndiye hunyooshewa kidole. Huo ni uonevu. Mtoto alipokea nusu kwa mama, nusu kwa baba.

Tunaulizana kabila, kazi na hata gari kabla ya posa, ila damu hatuulizi. Kapimeni. Majibu hayavunji uchumba, yanawasaidia kuamua mkijua mnachoingia. Nazo kaunti zifanye kipimo hiki kiwe cha kawaida kwa kila mtoto anayezaliwa. Na walimu wa bayolojia, mkifika kwenye meiosisi, tajeni selimundu. Hapo hakuna atakayesahau.